Riale ya Barghash na mkebe wa Matinyani: mali bila daftari hupotea bila habari

Mwezi wa Oktoba 2025 bei ya madini ya fedha katika soko la dunia ilipita dola 50 kwa aunsi, ikapanda juu ya kilele cha mwaka 1980 ambacho wafanyabiashara walikuwa wakikitaja kama hadithi. Habari ya namna hii huonekana kuwa ya watu wa mabenki na masoko ya mbali. Sivyo. Bei ya fedha ikipanda, mnunuzi wa vitu chakavu hufunga safari. Huingia Lamu na Mombasa kutafuta furungu na vikuku vya mabibi zetu, na hupanda bara kuulizia sarafu za zamani zilizofichwa kwenye mikebe na vibubu. Kila nyumba ambayo wazee wake waliwahi kufanya kazi au biashara Pwani ni shamba lake la mavuno.

Ndiyo maana leo ninaizungumzia Matinyani, wadi ya Kitui Magharibi, katika ukurasa wa watu wa Pwani. Wengine watauliza, Matinyani inatuhusu nini? Inatuhusu, kwa sababu sarafu za ufalme wa Unguja hazikuishia ufukweni. Zilitembea na watu, na njia kubwa mojawapo ya kutoka Mombasa kwenda bara ilikuwa njia ya Ukambani. Sarafu hizo zikiuzwa leo kwa kilo, tutakaopoteza si Wakamba peke yao.

Tuanze na sarafu zenyewe, maana mengi yanayosemwa juu yake mitaani ni uvumi.

Sayyid Barghash bin Said alitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Wakati huo Pwani yote ilikuwa ikitumia fedha za wageni. Ilikuwapo riale ya Sham, yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Ilikuwapo riale ya mzinga ya Wahispania. Zilikuwapo riale za Wafaransa, dhahabu ya Wamarekani na rupia za Bara Hindi. Kila mwenye duka alikuwa na mizani, na kila mwenye mizani alikuwa na hesabu yake. Mwaka wa 1299 Hijria, sawa na 1882, Barghash akatoa sarafu zenye jina lake mwenyewe: pesa za shaba, riale ya fedha, na kiasi kidogo cha dhahabu. Riale yake ililinganishwa na riale ya Sham. Moja ilikuwa pesa 136, au rupia mbili na thumni.

Pesa za shaba ziliingia kwenye maisha ya watu kabisa. Upande mmoja zina maandishi ya Kiarabu, upande wa pili mizani na mwaka. Toleo jingine lilifuata mwaka 1304 Hijria. Riale za fedha hazikupata bahati hiyo. Watu waliizoea sura ya Maria Theresa na rupia ya Mhindi, na sarafu mpya ya fedha haikuweza kuziondoa sokoni. Ndiyo maana pesa ya Barghash bado huonekana kwa wauza vitu vya kale Mji Mkongwe, lakini riale yake ni adimu, na nusu riale na robo riale ni adimu zaidi.

Baada ya Barghash mambo yakabadilika haraka. Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyokwisha kukodishwa ukanda wa Pwani na Sultani, ikatoa sarafu zake zenye jina la Mombasa. Baadhi yake ziligongwa Birmingham kwenye karakana ya Heaton, nazo zina herufi ndogo H kama alama ya karakana hiyo. Mwaka 1908, katika enzi ya Sayyid Ali bin Hamud, Zanzibar ikatoa senti, na rupia moja ikawa senti 100. Tarehe 1 Januari 1936 rupia ya Zanzibar ikaondolewa, kila moja ikibadilishwa kwa shilingi moja na nusu ya Afrika Mashariki. Januari 1964 ufalme wenyewe ukaisha.

Sasa tuje kwenye neno linalowachanganya wengi, prufu. Katika minada ya London na Marekani, sarafu za Mombasa na Zanzibar zinazouzwa kwa bei ya juu mara nyingi huandikwa kuwa ni za prufu. Prufu si kiwango cha usafi. Ni namna ya kutengeneza. Muhuri wa chuma husuguliwa mpaka ung'ae kama kioo, kipande cha fedha nacho husafishwa, kisha sarafu hugongwa polepole, tena zaidi ya mara moja, ili kila herufi isimame. Sarafu hizo hazikukusudiwa kununulia mchele. Zilitengenezwa chache kwa ajili ya kumwonyesha mfalme au wakurugenzi, kuwekwa kwenye kumbukumbu za karakana, au kupewa wakusanyaji.

Maana yake ni kwamba sarafu iliyo ghali kuliko zote ni ile ambayo haikuishi kwetu. Haikununua pembe ya ndovu, haikulipa mshahara wa hamali, haikutunzwa kwenye mahari, haikuyeyushwa na sonara wa Lamu. Ilitoka kwenye mashine ikaingia kwenye kisanduku cha mahameli, na leo imefungwa ndani ya plastiki yenye namba. Ni kitu kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini mtu akikuambia kwamba kibubu cha bibi yako kina prufu ya Zanzibar yenye thamani ya mamilioni, jua kwamba amekosea au anakulaghai.

Basi mkebe wa Matinyani unaweza kuwa na nini? Historia ya njia inatusaidia kukisia.

Katikati ya karne ya 19 Wakamba ndio walioshika biashara ya pembe kati ya bara na Mombasa. Mfanyabiashara wao mashuhuri, Kivoi wa Kitui, ndiye aliyempokea mmishonari Krapf, na ni akiwa huko Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf alipouona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa 1851 wakiwa safarini pamoja kuelekea mto Tana. Baadaye misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pwani ikazidi kupanda yenyewe mpaka Ukambani. Tuseme ukweli wote: misafara haikubeba pembe peke yake. Ilibeba na watu, na baadhi ya riale tunazozisifu zilihesabiwa juu ya shingo za binadamu.

Katika biashara hiyo ya mwanzo, bara haikuwa ikitaka sarafu sana. Ilitaka nguo za merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Riale ikifika huko iliweza kutobolewa na kuvaliwa, au kuyeyushwa. Fedha za kuhesabu ziliingia kwa wingi baadaye, pamoja na vituo vya Kampuni, reli iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901, na kodi ya kibanda iliyotakiwa kulipwa kwa rupia. Mpaka leo Mkamba akitaja fedha husema mbesa, neno lililotoka kwenye pesa yetu, nalo lilitoka Bara Hindi. Sarafu imetoweka sokoni, jina lake limebaki mdomoni.

Kwa hiyo, tukichukua mfano wa bibi mmoja wa Matinyani mwenye mkebe alioachiwa na mama mkwe, uwezekano mkubwa ni huu. Atakuwa na shilingi za Afrika Mashariki zenye picha ya simba na milima, zilizoanza 1921. Huenda akawa na rupia za Malkia Victoria au za Mfalme Edward. Akiwa na bahati, atakuwa na pesa ya shaba yenye mizani. Akiwa na bahati ya pekee, rupia ya Mombasa au riale.

Tofauti ya vitu hivyo ni kubwa, hata kwa hesabu ya madini tu. Shilingi ya simba iliyotolewa kati ya 1921 na 1946 ina robo tu ya fedha. Uzito wake ni gramu 7.78, kwa hiyo fedha iliyomo haifiki gramu mbili. Fedha ikiwa dola 50 kwa aunsi, na dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni kama shilingi 400 za leo. Rupia ina gramu 11.66, karibu yote fedha, na madini yake ni kama shilingi 2,200. Riale ya Sham ina gramu 28 na fedha yake ni sehemu tano kwa sita, hivyo madini peke yake hukaribia shilingi 4,850. Mnunuzi anayezikusanya zote kwenye mfuko mmoja na kutoa shilingi 200 kwa kila moja hakukosea hesabu. Anaijua vizuri. Asiyeijua ni bibi.

Na hapo hatujaingia kwenye thamani ya uadimu. Riale ya Barghash haihesabiwi kwa gramu. Mkusanyaji huinunua kwa mara nyingi ya bei ya madini yake, hata ikiwa imechakaa. Kuitambua si kazi ngumu kwa mtu yeyote aliyepita chuo cha Kurani, maana haina sura ya mtu, ina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na mwaka wake umeandikwa ١٢٩٩. Kijana wa Majengo au wa Kuze anaweza kuusoma kwa sekunde moja. Kule Matinyani, asiyezijua tarakimu hizo ataona mikwaruzo.

Kuna mtego mwingine wa kuujua. Riale ya Sham yenye mwaka 1780 si lazima iwe ya 1780. Baada ya kifo cha Maria Theresa mwaka huo, sarafu hiyo iliendelea kugongwa na tarehe ileile, Vienna kwanza, halafu Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham na hata Bombay, kwa sababu wanunuzi wa Uarabuni na Afrika Mashariki hawakutaka tarehe nyingine. Vienna bado wanaitoa. Kwa hiyo anayeuza "riale ya miaka 240" huenda anauza kitu kipya, na anayenunua bila kuuliza atalia. Fedha yake ni ya kweli, lakini umri wake unahitaji ushahidi.

Kisha wapo matapeli wenyewe. Tanzania kwa miaka mingi watu wamechimba makaburi na misingi ya boma za zamani wakitafuta rupia za Mjerumani, wakiamini zina nguvu za ajabu. Kwetu Kenya ujumbe husambaa kwenye simu kwamba kuna mzungu anayenunua sarafu kuukuu kwa mamilioni, ila utume kwanza ada ya usajili. Mnunuzi wa kweli hamwombi muuzaji ada. Anatoa fedha, hapokei.

Mpaka hapa nimezungumza kama mfanyabiashara. Lakini jambo kubwa zaidi si bei.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogondogo, zilizogongwa na watawala wa Pwani wenyewe katika karne ya 11, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Wachimbuzi walirekodi zilipolala, zilizolala pamoja nazo, na udongo uliozifunika. Dinari zile za kigeni zikasaidia kupima umri wa zile za kwetu. Kwa kazi hiyo tu, ikathibitika kwamba karibu miaka 1,000 iliyopita, kisiwa chetu kilikuwa na fedha yake na wafalme wenye majina. Kama mtu angezikuta akazipeleka kwa sonara gizani, zingepatikana pete mia kadhaa, na sisi tungeendelea kuambiwa kwamba kila kitu kililetwa na mgeni.

Riale au pesa iliyokutwa Matinyani ni vivyo hivyo. Sarafu ya 1299 iliyo kwenye kabati ya mkusanyaji wa Marekani inatuambia jambo moja tu, kwamba Barghash alitoa sarafu. Tunalijua hilo. Sarafu ileile, imetobolewa tundu, imechakaa, ikiwa kwenye mkebe wa familia inayokumbuka kwamba babu alirudi nayo kutoka Mombasa akiwa mpagazi, inatuambia fedha ya kisiwani ilifika wapi, mikononi mwa nani, na ilifanywa nini. Hiyo ndiyo habari isiyouzwa mnadani. Ikitenganishwa na familia na kijiji chake, inakufa, na hakuna bei inayoweza kuifufua.

Sheria inasemaje? Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale chombo chochote kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya, au kuingizwa Kenya, kabla ya mwaka 1895. Angalia mpaka huo. Pesa ya Barghash iliyopanda Ukambani na msafara imo ndani ya sheria. Rupia ya Mombasa ya 1888 imo. Senti ya Zanzibar ya 1908 haimo. Na sarafu iliyogongwa 1882 lakini ikaingia nchini baadaye haimo, isipokuwa mtu athibitishe vingine. Kwa maneno mengine, sheria yetu inategemea kujua sarafu iliingia lini, na anayejua hilo ni familia, si sarafu. Kinachofukuliwa ardhini ni jambo moja, na aliyekigundua anatakiwa atoe taarifa. Kilichorithiwa ndani ya nyumba ni jambo jingine. Lakini vyote viwili, vikiwa ni vya kale kwa maana ya sheria, kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Mnunuzi anayezipeleka sarafu hizo ng'ambo mfukoni anajua kwamba hakuna anayezijua.

Tatizo ni kwamba sheria ina rungu, haina mkono wa kutoa. Mkulima akitoa taarifa ya alichokuta shambani, anachoogopa ni kunyang'anywa. Anachotarajia kupata hakijulikani. Uingereza walilikabili jambo hili kwa sheria ya hazina ya mwaka 1996: jumba la makumbusho likitaka kitu kilichopatikana, thamani yake hukadiriwa na aliyekipata na mwenye ardhi hulipwa. Mwaka uliofuata wakaanza mpango wa kuandikisha hata vitu vidogo ambavyo serikali haivitaki: mtu anakileta, kinapigwa picha, mahali panaandikwa, anarudishiwa chake. Watu wakaacha kuficha.

Hapa kwetu hatuhitaji kusubiri Nairobi kwa kila kitu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya utamaduni, na makumbusho yametajwa humo kwa jina. Mombasa ina wataalamu Fort Jesus, Lamu ina jumba lake la makumbusho. Kitui ina watu na mikebe. Kinachokosekana ni daftari la kuziunganisha: afisa mmoja wa utamaduni mwenye simu nzuri na mizani ndogo, siku za soko, kuandika na kurudisha. Atakaposhindwa kusoma Kiarabu, apige picha aitume Mombasa. Gharama yake haifiki ya semina moja ya hoteli.

Wakati tunasubiri, kila nyumba inaweza kufanya yafuatayo. Usiisugue sarafu kwa majivu, ndimu wala dawa ya kung'arisha shaba, kwa sababu weusi ule ni ngozi yake na ukiuondoa umeondoa thamani. Usiitoboe. Ipige picha pande zote mbili, ipime uzito. Kisha andika kwenye karatasi: ilikuwa ya nani, aliipata wapi, alikuwa akifanya kazi gani. Ikibidi kuuza, na shida zipo, karo zipo, uza ukijua ni kitu gani, uza kwa mtu wa hapa mwenye duka linalojulikana, na ubaki na picha na maelezo yako.

Nina neno la mwisho kwa wenzangu wa Pwani. Wapo wanaozishika sarafu za Sultani kama hati ya kudai kwamba sisi na watu wa bara hatukuwa na uhusiano. Sarafu zenyewe zinawakana. Mizani ya pesa ya Barghash ilihesabiwa na Mkamba, Mdigo, Mhindi na Mshihiri, na jina lake limo katika lugha ya Kikamba mpaka leo. Vivyo hivyo, wapo wa bara wanaoona maandishi ya Kiarabu wakadhani ni kitu cha mgeni kisichowahusu. Kama kimelala kwenye mkebe wa bibi yao miaka 100, kinawahusu.

Kule Unguja, Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya riale yake, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu walikufa. Liliporomoka hadharani, dunia ikaona, na kazi ya kulijenga upya ikaanza kuzungumzwa siku ileile. Mkebe wa Matinyani ukimwagwa kwenye mizani ya mnunuzi, hakuna atakayesikia kishindo.